Mkaguzi wa Makoo

Jina la nchi yetu sitalitaja. Kulitaja kunampa mtu raha ya uzalendo, na raha hiyo nayo siku hizi inahitaji kibali. Itoshe kujua kwamba ipo, ina bendera, ina mashimo barabarani, na ndiyo nchi ya kwanza duniani kuongozwa kwa falsafa tupu.

Mambo yalianzia kwenye Kongamano. Viongozi wetu walikutana katika hoteli moja ya ufukweni kujadili swali moja tu: mtu mwenye hekima aruhusiwe raha kiasi gani? Walijadili kwa muda mrefu, maana hoteli ilikuwa nzuri. Msemaji wa kwanza alisema raha iachwe kabisa, akapigiwa makofi. Wa pili alisema raha ionjwe kidogo, ili mtu ajue anachokidharau, akapigiwa makofi zaidi. Kisha akasimama Waziri wa Kutotamani, Mheshimiwa Profesa Shekigenda, akavuta pumzi ili suruali isimbane, akasema:

"Ndugu wajumbe! Raha ni adui wa hekima, hilo tumekubaliana. Sasa nauliza: adui tunamngoja afike kwa raia wanyonge? Hapana! Adui anamalizwa mpakani! Na walio mpakani ni akina nani kama si sisi? Raha yote tutaimaliza huku huku juu, isimdondokee mwananchi hata tone. Mwananchi tumwachie hekima yake."

Wajumbe walisimama wote. Wengine walilia. Vita vilianza palepale, na adui wa kwanza kuangamizwa alikuwa kambakochi wa kuchoma.

Mimi sikuwapo huko. Naitwa Hemedi, ni Mkaguzi wa Makoo katika Wizara ya Kutotamani, na mtu wa cheo changu haalikwi mpakani.

*

Katika nchi yetu hakuna anayepata madaraka bila kufaulu Mtihani wa Utulivu. Mtahiniwa anakalishwa kitini, analetewa sinia la pilau inayofuka moshi na kuku wa kupaka, na nyuma ya sinia inawashwa feni ili harufu isipotee njia. Pembeni wanapiga taarabu kwa sauti ya chini. Mimi nakaa mbele yake, macho yangu usawa wa shingo yake, naangalia koo. Koromeo likipanda na kushuka, maana yake amemeza mate, na aliyemeza mate ametamani. Huyo anarudi kwao. Asipomeza, anapewa tonge moja, halafu anaulizwa kwa sauti kubwa, "Unasikia nini?" Naye anatakiwa kujibu, "Sisikii kitu." Akishajibu hivyo, tayari ni mkurugenzi.

Pilau inayobaki haitupwi hovyo. Inateketezwa na jopo la watahini, nyuma ya pazia, kwa vijiko.

Wakubwa wetu wote wamefaulu, na siri yao wala si siri. Nyuma ya ukumbi lipo Hema la Maandalizi ya Kiroho, ambamo mtahiniwa mwenye jina lake anakula mpaka hawezi kuinama kufunga viatu. Akitoka humo, hata umwekee ng'ombe mzima na pembe zake, koo halichezi. Watu wa kawaida wanakuja na njaa zao, na wengi wanaanguka mlangoni, pilau yenyewe hawajaiona.

Najua utasema hiyo si haki. Mimi nilifundishwa kuangalia koo. Matumbo yana wakaguzi wake.

*

Mwaka jana dada yangu Mwatumu alikufa. Kwa mama yetu tulikuwa wawili tu, yeye na mimi. Aliumwa homa, akapelekwa zahanati, wakamwambia maumivu nayo ni mawazo tu, akarudi nyumbani akafa. Siku ya mazishi nilikuwa na zamu, kwa hiyo nilikwenda kazini. Nilikagua vizuri sana siku hiyo. Mkubwa wangu alinipiga bega akasema nina uso wa mtumishi wa umma hasa.

Mwatumu alimwacha mume, Mwinjuma, fundi magodoro. Zamani Mwinjuma alishonea mtaa mzima magodoro ya sufi, mpaka serikali ilipopiga marufuku ulaini na kuwataka wananchi walale mkekani. Akabaki kuwashonea wakubwa peke yao, magodoro manene kama kitanda chenyewe, kwa ajili ya utafiti.

Tangu alipofiwa, Mwinjuma hakusikia ladha ya kitu chochote. Si kwamba aligoma kula. Alikula alichowekewa, anajaza tumbo kama anavyojaza sufi kwenye godoro, halafu ananawa. Ukimuuliza amekula nini hana habari.

Sasa kila mtaa ulitakiwa kutoa mtahiniwa, na mjumbe wetu akamtoa Mwinjuma kwa sababu hakuwa na mtu wa kumtetea. Alikuja ukumbini akiwa hajatia kitu mdomoni tangu jana yake. Hemani hakupita, na hata angetaka wasingemruhusu na kandambili zile.

Nilikaa mbele ya shemeji yangu, nikaangalia koo lake. Sinia likaletwa. Feni ikawashwa. Koo limetulia. Mwenyekiti wa jopo akaagiza feni iongezwe kasi, punje za wali zikaanza kumrukia mtahiniwa usoni, koo limetulia vilevile. Wakaleta maini ya kukaanga, ambayo hayamo hata kwenye kanuni. Mtahini mmoja alishindwa kuvumilia akatoka nje. Mwinjuma alikuwa anaangalia ukuta.

Wakampa tonge. Akatafuna, akameza.

"Unasikia nini?"

"Sisikii kitu," akasema. Alisema kwa unyonge, kama mtu anayeulizwa kama amekiona kitu chake kilichopotea.

Jopo zima lilisimama. Katika historia yote ya mtihani ule, huyu alikuwa mtu wa kwanza kuufaulu.

*

Walimpa cheo kipya: Shahidi wa Taifa. Kazi yake ilikuwa kukaa meza kuu katika kila dhifa na kula kila chakula kabla ya wengine. Akishameza anatangaza kwamba hasikii kitu, na wanasheria wa wizara wanathibitisha kwamba ndani ya chakula kile raha haimo. Basi wakubwa wanakula kwa amani, dhamiri zao safi, mpaka saa ya kubebwa kupelekwa kwenye magari.

Mimi nilipangiwa kumlinda koo. Sheria ilikuwa kali: Shahidi akisikia ladha yoyote, atakuwa amelidanganya taifa, na anapelekwa Nyumba ya Tafakari, ambamo wanaoingia hutakiwa kutoka wakimaliza kutafakari. Bado hajamaliza hata mmoja.

Siku moja tulikuwa ndani ya gari la wizara, tunatoka kwenye dhifa ya Kupambana na Samaki wa Kupaka. Mwinjuma alikuwa ameegemea dirisha.

"Shemeji," akaniambia, "unadhani mimi nakaa na hawa watu kwa nini?"

"Kwa ajili ya taifa."

"Achana na taifa bwana. Nakaa nao kwa sababu wana vyakula ambavyo mimi tangu nizaliwe sijaviona. Kila siku najiambia, labda leo kimoja kitanigutua. Nataka nisikie ladha, Hemedi. Hata mara moja tu. Nikisikia nitajua kwamba sikuzikwa na dada yako."

"Ukisikia watakufunga."

"Najua." Akajifuta mdomo. "Leo yule samaki nilidhani ndiye. Wapi!"

Nilimshauri kama ndugu. Nilimwambia ulimi wake sasa ni mali ya serikali, ana gari, ana nyumba, auache ulimi ulivyo. Aligeukia dirisha. Nilimhurumia kwa jinsi alivyokuwa haoni bahati yake.

*

Wivu ulianza kwa wakubwa wenyewe. Mheshimiwa Profesa Shekigenda hakuweza kustahimili kwamba fundi magodoro ana hekima ya kweli, na yeye ana ya hemani. Isitoshe hema lilikuwa limeanza kuwaua. Mawaziri wawili walishapelekwa kutibiwa ng'ambo kwa maradhi ya kushiba, na mmoja alirudi kwenye sanduku. Akaunda Tume ya Kuchunguza Chanzo cha Hekima, akamwita Mwinjuma.

"Ndugu Shahidi," alisema, "taifa linataka kujua. Utulivu huu umeupata wapi? Ni mazoezi? Ni dawa? Ni kitabu?"

"Hapana, Mheshimiwa. Nimefiwa na mke."

Wajumbe wa tume wakatazamana.

"Umefiwa na mke," Waziri akarudia taratibu, "halafu ukawa hivi?"

"Ndiyo."

"Bila mafunzo mengine yoyote?"

"Bila mafunzo, Mheshimiwa."

Waziri aliegemea kiti, uso umemng'aa. "Kumbe njia ipo," akasema. "Na ni rahisi hivyo! Watu wetu wanafiwa kila siku, utajiri huu wote unapotea bure, hakuna anayeuvuna!"

Nani angemwambia vinginevyo? Mimi nilikuwa nimesimama kando ya Mwinjuma na koo lake halikuwa na tatizo.

Hivyo ndivyo ulivyozaliwa Mpango wa Taifa wa Msiba. Ibara ya kwanza ilimtaka kila kiongozi afiwe. Hapo Baraza la Mawaziri likakwama, kwa sababu kila waziri alisema anaona aibu kutangulia mbele ya wenzake. Mmoja, kwa kulipenda taifa, alimtoa mama mkwe wake, lakini mama mkwe alipopata habari alihamia kijijini na panga. Mwishowe wakakubaliana kwamba si lazima mtu afiwe na wa kwake. Ataazima.

*

Misiba ya kuazima ilianza wiki ileile. Mtu akifa mtaani, kabla maiti haijaoshwa, unasikia ving'ora. Msafara unaingia, maturubai yanafungwa, viti vya mbele vinawekewa majina. Wafiwa wanaombwa wasogee nyuma ili wakubwa wahuzunike vizuri. Kila mheshimiwa ana msaidizi wa kumkatia kitunguu karibu na macho. Halafu kinaletwa chakula cha matanga, na wakubwa wanakula kwa majonzi makubwa, kwa sababu wameambiwa hekima ipo humo.

Nilikuwa nao kwenye misiba hiyo, nakagua. Nakumbuka mama mmoja aliyefiwa na mtoto, alikuwa amesimama nje ya turubai lake mwenyewe, ameshika sahani tupu. Aliniuliza kama wageni wameshiba. Nilimwambia bado. Akasema basi atangoja.

Baada ya muda Wizara ilipima matokeo. Viongozi walikuwa wamenenepa, na hekima haikuonekana popote. Kila koo nililokagua lilikuwa linacheza kama chura. Waziri alikasirika, akasema misiba ya watu wa hovyo haina nguvu, wamekuwa wakinywa maji ya mtaroni na chemchemi ipo. Chemchemi ilikuwa dada yangu. Msiba uliotoa hekima ya kweli nchini ni mmoja tu, wa Mwatumu, na hitima yake ya mwaka ilikuwa inakaribia. Ikatangazwa kuwa sikukuu ya taifa.

*

Mama yetu anaitwa Bi Sikudhani. Wapishi wa wizara walipofika na masufuria yao yanayong'aa, aliwafukuza na mwiko.

"Hitima ya mwanangu nitapika mwenyewe," alisema. "Nyinyi mlimjua?"

Hawakumjua. Wakakaa pembeni. Mama alipika peke yake uani kwenye mafiga, amejitanda kanga, moshi unamwingia machoni, na hakumruhusu mtu hata kuonja.

Dua ilifupishwa ili hotuba irefushwe. Mheshimiwa Profesa Shekigenda alipanda jukwaani mbele ya nyumba ya mama, akatoa kitambaa.

"Marehemu Mwatumu," alisema, "hakuwa na cheo. Hakuwa na elimu. Lakini alitoa mchango ambao wengi wetu tulio hai tumeshindwa kuutoa: alikufa! Kwa kifo chake taifa lilipata Shahidi. Leo sisi sote ni wafiwa wake. Huzuni yake ni mali ya umma. Kwa kuwa sasa tumefiwa kikamilifu, naagiza leo viongozi waonje kwanza, ili mjionee matunda ya Mpango!"

Pilau ikapakuliwa. Viongozi wakatia matonge mdomoni, wote kwa pamoja. Nilikuwa nimekaa mbele yao nikaona nyuso zinabadilika. Katibu Mkuu alitoa macho. Waziri wa Maji aliangalia huku na huko akitafuta wizara yake. Lakini walimeza, machozi yanawatiririka bila kitunguu, na walipoulizwa wanasikia nini walijibu kwa sauti moja, "Hatusikii kitu!" Umati ukapiga makofi.

Ikabaki zamu ya Shahidi. Mwinjuma alikuwa amekaa mkekani, kwenye sinia lake, mama amesimama nyuma yake. Akamega tonge, akatia mdomoni, akatafuna. Akaacha kutafuna. Akatafuna tena taratibu. Nikaliona koo lake linapanda na kushuka, halafu linapanda tena, na yeye bado hajameza kitu.

"Unasikia nini?" Waziri akauliza kwenye kipaza sauti.

Mwinjuma aligeuza shingo, akamtazama mama.

"Mama," akasema, "chumvi imezidi."

Na Mwinjuma akaanza kucheka, na kulia, vyote kwa pamoja, mdomo umejaa wali. "Imezidi, mama! Ileile! Mkono uleule!" Maana Mwatumu alifundishwa kupika na mama, na wote wawili hawakuwahi kujua kipimo cha chumvi. Maisha yao yote ya ndoa Mwinjuma alilalamika, na sahani ilirudi jikoni nyeupe.

Kisha akafanya jambo ambalo kwetu mkwe halifanyi. Mwanamume akila kwa mkwewe anashiba kwa aibu, hata kama njaa inamuuma. Mwinjuma alilinyanyua sinia kwa mikono miwili, akasema, "Niongezee."

"Mkaguzi!" Waziri akaita. "Koo lake?"

"Limecheza, Mheshimiwa," nikasema. Ndiyo kazi ninayolipwa.

*

Askari walikuja palepale. Lakini zipo desturi ambazo hata falsafa haijathubutu kuzifuta, na mojawapo ni kwamba mtu hanyanyuliwi kwenye sinia mkono wake ukiwa ndani ya chakula. Askari nao wana mama zao. Wakasimama pembeni ya mkeka, bunduki begani, wakangoja amalize.

Mama akaliona hilo. Akapakua. Mwinjuma akala. Sinia lilipokaribia kwisha askari wakasogea, mama akapakua tena. Viongozi walichoka kusimama, wakaanza kuondoka mmoja mmoja wakiulizana maji yako wapi. Mama anapakua, Mwinjuma anakula, jasho linamtoka, tumbo limeshafika pale ambapo tumbo la mtu hufika, na bado alikuwa anakula na kusifu na kulalamika. Alimwambia mama habari za siku moja Mwatumu alipotia chumvi kwenye chai. Mama alicheka mpaka akashika mwiko kwa mikono miwili.

Lakini sufuria lina mwisho. Mwiko ulipogonga chini, kila mtu aliusikia. Mwinjuma akalamba vidole kimoja kimoja, bila haraka, akanawa, akambusu mama mkono, akasimama mwenyewe. Alipopita mbele yangu nilidhani atanitukana. Alinishika bega tu, akaenda na askari Nyumba ya Tafakari. Huko yupo mpaka leo.

Watu walitawanyika. Nilibaki mimi na mama na viti vya wizara. Mama alichukua mwiko akakwangua ukoko uliobaki chini ya sufuria, akautia kwenye kisahani, akaja nacho mpaka nilipokaa.

"Kula, Hemedi."

"Niko kazini, mama."

"Kazi imekwisha. Kula, mwanangu. Dada yako amekufa."

Ilikuwa mara ya kwanza mtu kuniambia hivyo. Wengine walikuwa wameniambia kuhusu zamu, kuhusu pole ya wizara, kuhusu mchango wa marehemu kwa taifa. Nikakipokea kisahani. Mama akachuchumaa mbele yangu, macho yake usawa wa shingo yangu, akaniangalia ninavyotafuna. Nilitafuna vizuri, nikameza, nikamaliza chote.

"Vipi," akauliza, sauti yake ndogo, "chumvi je?"

Chumvi sikuisikia, lakini nilitaka kumfurahisha. "Iko sawasawa, mama," nikamwambia.

Mama akajifunika uso kwa kanga, akalia kuliko alivyolia siku ya mazishi. Nilimwambia asilie, chakula ni kizuri.